Mdomo Wazi

Lugha yetu ina ubahili wake:
kile kinachoshuka Rungwe alfajiri kikameza mnara wa simu,
na kile kinachoota kwapani mwa shati lililolala bichi,
vyote viwili tumevipa jina moja: ukungu.
Nilidhani ni uvivu wa wahenga.
Aprili hii nimewaelewa.

Mashine aliileta Nsajigwa kutoka Tunduma,
juu ya fuso lililorudi tupu baada ya kushusha ndizi.
Mtumba, lakini ina mlango wa kioo.
Mama mkwe, Tupokigwe, aliizunguka mara mbili,
akasema kitu kama hiki hakiachwi wazi.
Akaifumia kitambaa, maua ya zambarau pembe nne,
na kila nilipomaliza kufua alikuja kuifunga,
klaki,
kama kabati la vyombo vya wageni.

Tukaiheshimu hivyo toka Januari,
nayo ikaanza kunuka kwa heshima.
Kidogo. Kama kitambaa cha kufutia meza za mgahawa.
Kisha kama soksi za mlinzi wa usiku.
Nikazidisha sabuni, nikamimina na ile ya buluu,
vifuniko viwili, vitatu,
nguo zikatoka zinanuka waridi lililofia kisimani.

Jua la Tukuyu nalo ni kama baba mkwe wa zamani:
likikuona linabadili njia.
Nguo za watu zilikaa kambani siku tatu,
zikaingia ndani, zikaning'inia juu ya jiko la mkaa,
zikapakwa moshi juu ya uvundo.
Nikazipiga pasi mpaka zikakauka kwa nguvu.
Mikononi mwangu zilikuwa safi, naapa.
Harufu ilikuwa imelala tu.
Ilimngoja Mwalimu Mwaisaka asimame mbele ya darasa la saba,
ainue mkono ubaoni kuandika sehemu,
kwapa lipate joto,
ikaamka.

Hakunigombeza. Alirudisha shati kwenye mfuko wa rambo,
akasema, "Ndaga, mama Atu," akiangalia mlango.
Wanafunzi wamempa jina. Yeye hakunitajia.
Binti yangu amenitajia. Sitaliandika hapa.

Usiku ule nilipiga magoti na tochi mbele ya mashine,
nikafunua mdomo wake wa mpira.
Ndani ya mkunjo: ute mweusi kama masizi yaliyolowa,
shilingi hamsini, kifungo, kibanio cha nywele,
jani la chai
(la nani? nusu ya wateja wangu wanachuma Katumba),
na karatasi iliyowahi kuwa risiti ya dawa.
Uchafu wa Makandana nzima ulikuwa umekaa kikao mle,
gizani, unyevuni,
mlango umefungwa kwa adabu.

Nikasugua kwa siki na mswaki mzee.
Nikafungua chujio kule chini, maji yakanimwagikia mapajani,
nikasema neno ambalo mke wa shemasi hasemi.
Nikaizungusha tupu, maji ya moto na magadi.
Mara ya kwanza yalitoka rangi ya chai ya maziwa.
Mara ya tatu, rangi ya mvua.

Asubuhi Tupokigwe alikuta mlango wazi,
kitambaa kimekunjwa juu ya kiti.
"Imekaa mdomo wazi kama mjinga," alisema.
Mama, iache ipumue.
Akaguna. Akainama,
akaingiza pua ndani kabisa, akakawia,
kama anayenusa utosi wa mtoto aliyetoka kuogeshwa.
Hakusema kitu. Alichukua kitambaa chake
akaenda kukitandika juu ya redio,
akakinyoosha pembe zote nne.

Shati la mwalimu nimelifua upya, bila malipo, sabuni robo kifuniko.
Liko barazani siku ya pili,
bado bichi kwenye mshono wa kola.
Ukungu umefika mpaka kwenye ngazi, ule wa mlimani.
Nalinusa kila nikipita.